Mume wa Nyuma ya Mlango

Kundi lile la maigizo lilikuwa la ukoo mmoja, na hapo ndipo penye tabu yenyewe, kwa hiyo tuanzie hapo hapo.

Fundi alikuwa seremala. Milango, madirisha, vitanda, kabati za vyombo, hata ukimletea kipande cha ubao kilicholiwa na mchwa atakukalisha kidogo, atakiangalia, na jioni utaondoka na kigoda. Siku za kazi yuko uani na randa yake. Jumamosi alasiri yuko kwenye ukumbi wa mtaa, ule wenye bati linalolia lenyewe jua likizidi, anaigiza yeye na familia yake. Mkewe, Mama Fundi, anaigiza. Mdogo wake anaigiza, huyo waliyemwita Kibonge, na ukimwona huulizi kwa nini. Binti yake anaigiza. Binti walimwita Chiriku tangu hajamaliza kuota meno, maana alianza kusema kabla ya kutembea, na kusema kwenyewe hakukupumzika. Na mume wa Chiriku naye, fundi wa majokofu, kijana mrefu mtaratibu, siku ya kuposa aliambiwa huku ukioa umeoa na jukwaa. Akacheka. Alidhani ni utani wa wakwe.

Hawakuwa na karatasi hata moja. Fundi shule aliipitia kama mtu anayepita dukani bila kununua. Mchezo wao waliupanga kwa mdomo kila Alhamisi, wamekaa uani kwenye vumbi la mbao: wewe utaingia hivi, utagombana na huyu, mimi nitakuja kuamua, pazia. Maneno kila mtu anayatafuta mwenyewe akishafika mbele za watu. Ndiyo maana watu waliwapenda, kwa sababu hata wao waigizaji walikuwa hawajui atakachosema mwenzao, wakishangaa wanashangaa kweli.

Sasa kuna jambo moja. Kwenye kundi la ndugu, nani atakuwa mume wa nani? Fundi na mkewe, sawa. Chiriku na mumewe, sawa. Lakini baba hawezi kuwa mume wa bintiye hata kwa mchezo, wala baba mdogo hawezi. Watu wangewatoa ukumbini kwa viatu, na wangekuwa na haki. Kwa hiyo siku mkwe alipoondoka, alimwacha Chiriku bila mume sehemu mbili kwa mpigo, nyumbani na jukwaani.

Aliondoka Jumanne. Alichukua sanduku lake la spana na nguo mbili tatu, redio akaiacha. Jioni akatuma ujumbe kwenye simu: "Usinisubiri. Nisamehe." Basi, hayo tu, kwa mtu aliyekaa naye miaka sita. Baadaye ikajulikana anakaa upande wa pili wa mji kwa mama mmoja muuza vitambaa.

Chiriku aliusoma ule ujumbe, akailaza simu kifudifudi, akaenda kuosha vyombo.

"Mwanangu, lia," Mama Fundi akamwambia.

"Nilie nini, mama? Mtu kasafiri."

Wakasema ni mshtuko, utamtoka.

Fundi alitaka waahirishe mchezo wa Jumamosi ile. Chiriku mwenyewe ndiye aliyekataa. Alisema mchezo upo, ameshaufikiria: mume yuko safarini, mke anamngoja, mama mkwe anamsakama, jirani mmbeya anamchimba maneno, na mwisho kabisa mume anarudi.

"Anarudi nani?" Kibonge akauliza. "Mimi hapa usinitazame."

"Anabisha hodi tu, baba mdogo. Wewe utakuwa nyuma ya mlango, utatoa sauti. Nikishika komeo kufungua, baba avute pazia. Hakuna atakayekuona."

Fundi akaona binti ana akili. Mlango akautengeneza mwenyewe siku mbili, mlango wa kweli, wenye fremu na bawaba na komeo la chuma, akausimamisha katikati ya jukwaa, ukuta haupo. Mama Fundi akawa mama mkwe. Kibonge akawa jirani, kafunga kitambaa kichwani na kujaza matambara kifuani ingawa kwa umbo lake hakuhitaji sana, na akimaliza umbeya wake anakimbia nyuma ya mlango anahema kama punda, anajipa sauti nzito ya mume: "Hodi, mke wangu." Chiriku anasogea, anauambia ule mlango maneno yake mawili matatu ya kungoja, anashika komeo, pazia.

Watu walilia. Wanaume wazima walikuwa wanajifanya wameingiwa na vumbi.

Jumamosi ya pili maneno ya kuuambia mlango yakawa mengi. Ya tatu, Chiriku alikaa chini kabisa, mgongo kwenye ubao, akazungumza na mumewe wa nyuma ya mlango muda wa kuchemsha maharage, akamweleza alivyolala, alichopika, vifungo gani vya shati amevishona. Kibonge kule nyuma miguu ikamfa ganzi. Na ukumbi ukajaa mpaka watu wakakaa madirishani. Mtu akikuta watu wamejaa mpaka mlangoni anarudi nyumbani kavimba, kakosa kumwona yule dada anayemngoja mumewe.

Tuseme ukweli, Fundi alifurahi. Miaka yote ile hajawahi kuona ukumbi namna ile. Alikuwa akishika kamba ya pazia anajiona kama nahodha.

Lakini nyumbani mambo yalikuwa yanakwenda upande. Chiriku alianza kumwita mama yake mzazi "mama mkwe." Mara ya kwanza wakacheka. Mara ya kumi Mama Fundi akaweka mwiko chini.

"Mimi ni mama yako. Nimekuzaa kwa uchungu wa siku mbili."

"Najua, mama mkwe," Chiriku akajibu kwa upole kabisa. "Mwanao hajaleta habari?"

Akawa anatenga sahani mbili. Shati la mumewe anafua, anaanika, anaanua, anapiga pasi, kesho anafua tena, mpaka kola ikaanza kuchanika. Jirani akimuuliza habari anasema mume wangu yuko safarini, na anataja na mambo ya huko safarini, baridi, barabara mbovu, mambo yote aliyoyasema jukwaani. Na kazini haendi. Alikuwa fundi cherehani kwenye karakana moja ya sare za shule, mkono wake kwenye kola hauna mfano, lakini tangu Jumanne ile hakukanyaga.

Jumatano moja msimamizi wa karakana akaja mwenyewe, mama mnene wa miwani, akasimama uani kwenye maranda.

"Mzee, shikamoo. Mimi binti yako nampenda. Lakini hii wiki ya nne, na shule zinafunguliwa, nina marundo ya nguo mpaka dirishani. Jumatatu asipokaa kwenye cherehani yake, nampa mwingine."

"Anaumwa kidogo," Fundi akasema.

"Nilimwona Jumamosi ukumbini, mzee. Nililia mpaka nikatafuta miwani yangu chini ya benchi. Kama ule ni ugonjwa, basi nyinyi ndio mnaomlisha."

Aliondoka, na lile neno akaliacha pale pale kwenye maranda. Alishika randa, akairudisha. Akaona kazi anayo: kumrudisha mtoto kabla ya Jumatatu. Akasema, huyu hakuagwa. Ndiyo shida yake. Mtu hakuagwa, ataachaje kungoja? Akiagwa vizuri atalia, akilia atapona. Sasa hadi hapo Fundi alikuwa na akili timamu. Kosa lake lilikuja baada ya hapo.

Alhamisi akavaa shati safi, akavuka mji. Mkwe alikuwa kwenye kibanda chake kipya, kapiga magoti mbele ya jokofu lililofunguliwa tumbo. Alipomwona mzee alisimama mpaka akagonga kichwa kwenye rafu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sikuja kukupiga, kaa."

Wakakaa, mmoja kwenye ndoo, mwingine kwenye mgongo wa jokofu jingine lililolazwa.

"Hajambo?" mkwe akauliza chini chini.

"Hajambo wapi. Anakungoja."

Kijana akafuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja.

"Baba, nitakwambia kitu, usikasirike. Mimi pale kwenu nilikuwa sijui lini tunaongea na lini tunafanya mazoezi. Nikigombana na mke wangu Jumanne, Jumamosi naukuta ugomvi wetu ukumbini. Wewe unauigiza, baba mdogo kavaa kitambaa anauigiza, watu wanakufa kwa kicheko. Ule mwaka tulipopoteza mimba, ulifanya mchezo wa mimba."

"Ulikuwa mchezo mzuri," Fundi akasema, na hapo hapo akatamani angeuma ulimi.

"Ulikuwa mzuri sana. Watu walilia. Mimi nilikuwa natafuta pa kulilia mwenyewe sikupapata."

Jokofu la jirani likanguruma, likazima. Alikuwa hajawahi kuambiwa jambo lile, na lilikuwa limekaa wazi miaka yote kama pua usoni. Ungedhani basi amelishika. Alilishika, ndiyo, lakini kwa ncha za vidole, kwa sababu alichosema kilikuwa hiki:

"Basi njoo Jumamosi. Utakaa nyuma ya mlango mahali pa mdogo wangu. Umuage. Sema sikukuaga siku ile, kosa si lako, mimi sirudi tena. Halafu uondoke zako. Ukumbini atasikia. Nyumbani hasikii kitu, akili yake yote iko kule jukwaani."

Mkwe akamtazama mzee kwa mshangao, halafu kwa huruma. Lakini alikuwa anadaiwa kwaheri na alijua anadaiwa. Akakubali. Fundi akamkaririsha maneno mara nne pale pale kwenye ndoo.

Mama Fundi hakuambiwa. Kibonge aliambiwa kwa kuwa hakuna namna, ndiye mwenye nafasi ile.

"Kaka, hili limekaa vibaya," Kibonge akasema.

"Limekaaje vibaya?"

"Sijui. Mimi nikikaa kwenye kiti kibovu huwa najua kabla hakijavunjika, wewe unajua hilo. Hiki ni kibovu."

"Wewe shughulika na kitambaa chako."

Jumamosi ikafika. Ukumbi ulifurika, bati linalia, watu wanajipepea kwa kofia. Mchezo ukaenda vizuri. Mama Fundi alipepeta mchele na kusimanga. Kibonge alichimba umbeya, ingawa siku ile alikuwa anatoka jasho kuliko kawaida na alisahau kuchekesha sehemu mbili. Halafu akakimbilia nyuma ya mlango, na huko nyuma mkwe alikuwa amekwisha kufika.

Chiriku alikuwa anakunja lile shati.

"Hodi."

Sauti ilitoka nyembamba, kavu. Mikono ya Chiriku ikasimama kwenye shati. Ilikaa hivyo hivyo hewani, mmoja umeshika kola, mwingine umeshika mkono wa shati.

"Nani?"

Fundi pembeni alikuwa kaikaba kamba ya pazia. Sema sasa, alikuwa anamwambia moyoni. Sema kama tulivyopanga.

"Ni mimi. Mumeo."

"Mfungulie, mwanangu, kachoka huyo," mama mmoja akasema kutoka kwenye mabenchi, na watu wakacheka kidogo, kicheko cha kumwonea mtu huruma.

"Umetoka wapi?" Chiriku akauliza.

"Mbali."

"Umekuja kufanya nini?"

Pale ndipo maneno yalipotakiwa. Lakini yule kijana naye alikuwa mtu wa jukwaa, miaka sita si mchezo. Alisikia ukumbi mzima umebana pumzi, watu mia mbili wanamtaka arudi, na mbele yake kuna ubao tu, haoni uso wa mtu. Mdomo ukamtangulia.

"Nimerudi," akasema. "Nimerudi nyumbani, mke wangu. Fungua."

Ukumbi ukalipuka. Watu walisimama juu ya mabenchi, wanapiga makofi, wanafuta macho. Fundi akivuta pazia, mtoto ataondoka na neno lile, atalilea maisha yake yote. Asipovuta, itakuwaje? Mkono ukakataa kwenda huku wala huko.

Chiriku hakutazama mlango. Aligeuza shingo taratibu akatazama pembeni, alikosimama baba yake. Alimtazama tu. Na Fundi, aliyemwangalia yule mtoto usoni tangu siku anazaliwa, siku ile alishindwa. Akatazama kamba. Hilo likamtosha binti.

Akashika komeo, akalivuta, akafungua mlango wazi kabisa. Haukuwahi kufunguliwa siku zote zile.

Mkwe alikuwa amesimama na ovaroli lake la kazi, lina mafuta magotini, funguo ziko mkononi. Nyuma yake Kibonge na matambara yake kifuani, kitambaa kimemfunika jicho moja, lile jingine kalitoa kama la mjusi aliyebanwa na mlango. Watu wakacheka, walidhani ndiyo mchezo. Halafu wakaona hawa wawili hawacheki, wakaacha. Kimya kikaingia, na katika kimya kile ikasikika pikipiki nje ya ukumbi, inanguruma polepole.

"Hiyo pikipiki ya nani?" Chiriku akauliza.

"Yangu."

"Hujaizima."

Kijana akatazama funguo za kibanda chake mkononi kana kwamba kawekewa na mtu. "Nimemwachia mtu aishike."

"Mtu aliyerudi nyumbani anazima pikipiki," Chiriku akasema. Hakuwa na sauti ya jukwaani tena. Ilikuwa sauti yake ya kuulizia bei ya nyanya. "Baba alikutuma useme nini?"

"Nikuage."

"Basi niage."

"Sijui nianzie wapi."

"Anzia Jumanne."

Akaanzia Jumanne. Alisema alikaa kitandani na viatu saa nzima, na Chiriku yuko kazini. Alisema alijua akimngoja amuage hataondoka, na alitaka kuondoka, alikuwa anataka mwaka mzima. Alisema si kwamba ulikosa kitu. Alisema ninaye mtu, ninakaa naye, na sirudi.

"Mshenzi mkubwa huyo," mtu akatamka kutoka nyuma.

"Mwacheni amalize," Chiriku akasema bila kugeuka.

"Nimemaliza," mkwe akasema. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta.

Chiriku akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia maelekezo ya njia. "Haya. Nimesikia. Nenda, mafuta yanaisha."

Akaufunga mlango mwenyewe, bila kuubamiza, akasukuma komeo. Shati lilikuwa begani, akaliweka kwenye meza. Halafu akashuka ngazi za mbele, ambazo waigizaji hawashuki, akapita katikati ya watu, wanampisha, akatoka nje ya ukumbi juani. Jukwaani akabaki Mama Fundi na ungo mapajani. Ndipo Fundi alipokumbuka kuvuta pazia.

Nyuma ya pazia Mama Fundi hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Umemvua nguo mwanangu mbele ya watu."

"Nilitaka apone, mke wangu."

"Ungemleta huyo kijana nyumbani. Nyumba tunayo. Ina mlango."

Wazo hilo kweli lilikuwa halijampitia Fundi kichwani. Watu wote duniani, mtu akitaka kuagana na mkewe, wangemkalisha sebuleni na kuwaachia nafasi. Yeye peke yake ndiye aliyefikiria mabenchi. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya ule mlango wake, Kibonge akaja akakaa sakafuni kando yake, bado kavaa kifua, mpaka mlinzi wa ukumbi alipokuja kuwatoa.

Chiriku alilia siku ile na siku ya pili yake. Na hakikuwa kile kilio chake cha jukwaani, kile cha machozi mawili yanayoshuka taratibu mpaka hata waliokaa nyuma wayaone. Hiki kilikuwa cha kamasi na kwikwi, cha mdomo wazi, uso umevimba kama aliyeumwa na nyuki, na mama yake amemshika kwa nyuma kama anamzuia asianguke shimoni. Fundi alisogea mara moja mlangoni pa chumba.

"Baba, niache."

Akaacha. Alikwenda uani akaanza kupiga randa ubao ambao hakuna aliyeuagiza, akaupiga mpaka ukawa mwembamba kama rula.

Jumapili jua linazama, Chiriku akatoka. Alikaa juu ya rundo la mbao, kajifunika shuka la mama yake.

"Ulipaswa kuniuliza, baba."

"Ungekataa."

"Ndiyo maana ya kuuliza."

Fundi akaweka randa chini.

"Hata mimi nilijificha mle mle ukumbini," Chiriku akaendelea. "Sisemi ni wewe tu. Pale kila Jumamosi mtu alikuwa anabisha hodi. Nilikuwa najua ni baba mdogo, nasikia mpaka anavyohema. Lakini nilikuwa nasema, madhali anabisha." Akapenga kamasi kwenye shuka. "Baba, vitu vyangu usivipeleke tena ukumbini. Hii mimba iliyoharibika, ugomvi wangu, huku kuachwa kwangu. Ni vyangu."

"Sawa."

"Sema vizuri."

"Sitavipeleka, mwanangu. Wala vya mama yako. Nisamehe."

Chiriku hakusema amesamehe. Alikaa tu, na baba yake akakaa, mpaka Mama Fundi akawaita wakale, akatenga sahani nne, ya Kibonge ikiwa ya nne, kwa kuwa Kibonge chakula hakimpiti.

Jumatatu akaenda kazini na macho yake vile vile. Msimamizi akamuuliza mbele ya wenzake, umepona? Akajibu, "Sikuwa naumwa. Nimeachwa." Cherehani zote zikasimama. Halafu mama mmoja mtu mzima wa kushona mifuko akasema bila kuinua kichwa, "Karibu, mwenzangu. Mimi mara mbili, na yule wa pili alichukua mpaka pazia." Wakacheka, na Chiriku akacheka akalia humo humo, na mchana alikuwa amemaliza kola arobaini. Haya Fundi aliyapata kwa Mama Fundi, maana yeye alikuwa bado hasemeshwi sana.

Alhamisi wakakaa uani kupanga mchezo, watu watatu. Fundi akakuna kichwa. Kila alilofikiria lilikuwa la mtu wa nyumbani. Miaka yote alikuwa anachota ndani ya nyumba yake kama mtu anayechota kwenye pipa, leo kaambiwa pipa lifunikwe, anatazama mikono yake mitupu. Mwisho wakapanga mchezo wa wazee wawili walionunua mbuzi mmoja kwa kuchangia, hawaelewani mbuzi alale kwa nani. Mama Fundi akawa mzee wa pili, kabandikwa ndevu. Kibonge akawa mbuzi.

"Chiriku utakuwa nani?" Kibonge akauliza.

"Mimi Jumamosi msinitafute," akasema kutoka jikoni. "Nitakuja kukaa na watu."

Ulikuwa mchezo mbaya, tusidanganyane. Watu walikuja kumwona yule dada na mlango wake, wakakuta mbuzi. Nusu wakaondoka mapema. Waliobaki wakaanza kuulizana mume yuko wapi, na mzee mmoja alisinzia kabisa, mdomo wazi.

Fundi alikuwa katikati ya maneno, kashika kamba ya mbuzi, anamweleza mwenzake kwamba upande wa kichwa ni wake kwa sababu yeye ndiye aliyelipa kwanza, alipomwona binti yake. Benchi la tatu, ukutani, peke yake kama mtu yeyote, karatasi ya karanga mapajani. Macho bado mekundu. Alikuwa haangalii jukwaa, anaangalia karanga zake, anamenya. Kibonge akalia sauti ya mbuzi, sauti mbaya mno, ungedhani mbuzi kakanyagwa na gari. Hakuna aliyecheka. Sekunde mbili tatu zikapita. Halafu Chiriku akainua kichwa, akamtazama baba yake mdogo kapiga magoti na pembe za karatasi, na kicheko kikamtoka kwa kuchelewa, kimoja, cha puani, karanga zikamruka mpaka kwa jirani yake. Akajifunika uso kwa mikono miwili. Mabega yakawa yanatikisika, na kutoka pale jukwaani hukuweza kujua analia au anacheka, labda mwenyewe alikuwa hajui, lakini hakuwa anamwonyesha mtu.

Fundi alisimama na kamba yake mkononi, maneno yote yamemtoka.

"Mzee, endelea basi," mtu akasema kutoka madirishani. "Mbuzi anakungoja."